Swali la binti lililofukua siri ya miaka 35

Mwaka 1986, katika mji mdogo wa Scotts Valley, jimbo la California nchini Marekani, mwanaume mmoja aliyekuwa akifanya kazi za ufundi kwenye kambi ya magari ya kuishi aliwakabidhi majirani zake binti wa miaka mitano. Aliwaambia ni mwanawe na kwamba malezi yamemshinda. Majirani hao, mke na mume wa makamo, walikuwa na binti yao mtu mzima aliyetamani kulea mtoto, wakakubaliana akae naye kwanza kwa wiki chache. Ulipofika wakati wa kuandikishana kisheria, baba mtu hakuonekana. Alikuwa ameshahama.

Polisi walipochukua alama za vidole alizoacha, waligundua kuwa jina alilotumia pale halikuwa lake. Mwaka mmoja kabla alikuwa amekamatwa mahali pengine kwa jina tofauti. Alipatikana mwaka 1988, akahukumiwa mwaka uliofuata kwa kosa la kumtelekeza mtoto, akafungwa kwa muda mfupi. Mwaka 1990 aliachiwa kwa masharti, akatoweka tena.

Mtoto alichukuliwa na familia nyingine iliyomwasili na kumlea vizuri. Faili lake likafungwa. Kila aliyelishika aliamini jambo moja: baba mbaya amemtupa mwanawe. Hakuna aliyepima kama yule mwanaume alikuwa baba yake kweli.

Marafiki waliokataa visingizio

Mwaka 2002, katika mji wa Richmond, California, mwanamke mmoja mtaalamu wa kemia aliacha ghafla kuonekana. Alikuwa akiishi na mwanaume ambaye marafiki zake hawakumfahamu vizuri. Kila walipomuuliza mwenzake yuko wapi, mwanaume huyo alikuwa na jibu tayari, na jibu la leo halikufanana na la jana. Amesafiri. Anaumwa. Hataki kuzungumza na mtu.

Marafiki hawakuridhika, wakaenda polisi. Mwanaume akaitwa, akachukuliwa alama za vidole, na hapo ndipo askari waliposhtuka: alikuwa yule yule aliyemtelekeza mtoto miaka 16 iliyopita, sasa akiwa na jina jingine. Nyumba ilipopekuliwa, mwili wa mwanamke ulikutwa sehemu ya chini ya nyumba. Mwaka 2003 alikiri kosa na kuhukumiwa kifungo cha miaka 15 hadi maisha.

Kesi ingeweza kuishia hapo. Lakini mpelelezi mmoja aliyesoma faili la zamani alisumbuliwa na habari ya yule mtoto. Mtu anayebadilisha majina kama nguo, je, maneno yake kwamba yeye ni baba yana uzito gani? Kipimo cha vinasaba, yaani DNA, kikafanyika. Jibu lilikuwa kwamba hakuwa baba yake.

Basi yule binti alikuwa wa nani? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikataa kusema. Mwanaume alifia gerezani mwaka 2010 bila kutaja hata jina lake halisi.

"Mimi ni nani?"

Binti huyo alikuwa amekua, ana mume na watoto. Hakujua jina alilopewa na mama yake, siku aliyozaliwa, wala kama mama huyo yu hai. Familia iliyomlea haikumficha kitu, maana nayo haikujua.

Mwaka 2013, mpelelezi wa kaunti ya San Bernardino alilirithi faili hilo na kulifungua kama la mtoto aliyeibwa. Alilinganisha taarifa zake na za watoto waliowahi kuripotiwa kupotea. Hakuna aliyefanana naye. Hapo ndipo wazo jingine lilipokuja: kama hakuna anayemtafuta, aanze yeye kuwatafuta ndugu zake kwa damu aliyo nayo mwilini.

Mate yake yalipelekwa kwenye kampuni zinazopima vinasaba vya watu wanaotaka kujua asili yao. Kisha mpelelezi akaomba msaada kwa Barbara Rae-Venter, mwanasheria mstaafu mwenye shahada ya uzamivu katika biolojia, ambaye baada ya kustaafu alikuwa akiwasaidia watoto walioasiliwa kuwapata wazazi waliowazaa. Kazi ilianza mwaka 2015, ikishirikisha wataalamu wengi wa kujitolea.

Njia yenyewe inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kumsikiliza bibi akihesabu ukoo. Mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Kwa babu au bibi mmoja hupata takriban robo. Watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja hushiriki karibu asilimia 12.5. Kadiri undugu unavyokuwa wa mbali, ndivyo sehemu wanayoshiriki inavyopungua, lakini hata ndugu waliokutana kwa babu wa vizazi vinne au vitano nyuma wanaweza kuonekana kwenye kipimo.

Wataalamu huwachukua hao ndugu wa mbali na kupanda nao mti wa ukoo hadi kwa babu na bibi wanaowaunganisha. Wakifika huko juu, hugeuka na kushuka, tawi kwa tawi, wakifuata vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, kumbukumbu za sensa na matangazo ya vifo ya magazeti ya zamani, hadi wafike kwa watu walio hai. Njiani hukutana na yale ambayo koo nyingi huzika: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ndoa iliyofichwa, jina lililobadilishwa baada ya kuhama mji.

Mwaka 2016 walifika. Mama wa binti huyo alitoka Manchester, katika jimbo la New Hampshire, upande wa pili kabisa wa nchi. Babu yake mzaa mama alikuwa bado hai. Kwa mara ya kwanza binti alijua jina alilopewa na mama yake na tarehe aliyozaliwa.

Alijua pia kwamba alionekana na ndugu zake kwa mara ya mwisho mwezi Novemba 1981, siku ya Sikukuu ya Shukrani, akiwa mtoto wa miezi sita mikononi mwa mama yake. Pembeni yao alikuwepo mpenzi wa mama. Huyo ndiye aliyekuja kumtelekeza California.

Mapipa mawili msituni

Kwa nini jina la mtoto huyo halikuwa kwenye orodha yoyote ya waliopotea? Kwa sababu kwa miaka 35 hakuna aliyekwenda polisi kusema kwamba yeye na mama yake wamepotea. Ndugu waliamini mama huyo na mpenzi wake walikuwa na madeni, wakaondoka mjini kuyakimbia. Walidhani atarudi mambo yakitulia. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na maelezo yale yakageuka kuwa ukweli wa familia.

Si mbali na Manchester kuna mji wa Allenstown na hifadhi ya misitu iitwayo Bear Brook. Mwezi Novemba 1985, mwindaji alikuta huko pipa la chuma likiwa na mwili wa mwanamke na wa mtoto wa kike. Mwaka 2000, mpelelezi aliyerudi kukagua eneo hilo alikuta pipa la pili umbali mfupi kutoka la kwanza, likiwa na miili ya watoto wengine wawili wa kike. Wote wanne waliuawa zamani, kabla ya pipa la kwanza kupatikana. Wakazi wa Allenstown walikuwa wamewazika wale wawili wa kwanza chini ya jiwe lisilo na majina.

Wapelelezi wa New Hampshire waliposikia habari za mwanaume aliyeondoka Manchester na mwanamke mwaka 1981, akafika California na mtoto tu, waliuliza swali lililofuata. Vinasaba vyake vililinganishwa na vya watoto wa kwenye mapipa. Mmoja wao, yule wa katikati kwa umri, alikuwa mwanawe wa kumzaa. Matokeo hayo yalitangazwa Januari 2017, na baadaye mwaka huo huo jina lake halisi likajulikana: Terry Peder Rasmussen, aliyezaliwa mwaka 1943, aliyewahi kuwa na mke na watoto wanne kabla mke huyo hajamkimbia.

Walibaki wanne wasio na majina. Hapa tena msaada ulitoka kwa watu wa kawaida wanaopenda habari za nasaba. Mkutubi mmoja wa jimbo la Connecticut alikuwa akipitia jumbe za zamani ambazo watu huziandika mtandaoni wakiwatafuta ndugu zao. Alikuta ujumbe wa mtu anayemtafuta ndugu yake wa kike aliyetoweka akiwa mdogo pamoja na mama yake. Akaufuatilia mpaka akafika kwenye jina la Rasmussen. Mwezi Juni 2019, mama na wawili kati ya watoto wale walirudishiwa majina yao. Mama huyo alionekana na familia yake kwa mara ya mwisho mwaka 1978, kwenye chakula cha Sikukuu ya Shukrani nyumbani kwa mama yake huko California. Ulitokea ugomvi, akaondoka na wanawe na mwanaume yule.

Yule mtoto wa katikati, binti wa Rasmussen mwenyewe, alitambuliwa mwezi Septemba 2025, miaka 40 baada ya pipa la kwanza kupatikana. Mama yake, na mama wa yule binti wa California, hawajapatikana hadi leo.

Kimya kilivyomsaidia muuaji

Ukisoma habari hii kama hadithi ya upelelezi, unaona ujanja wa mtu mmoja na majina yake mengi. Lakini mzazi akiisoma polepole ataona kitu kingine. Rasmussen hakuhitaji kuwadanganya ndugu za wanawake hawa kwa miaka yote hiyo. Ndugu walijieleza wenyewe. Huyu kaondoka kwa hasira, mwacheni apoe. Yule anakimbia madeni, tusimwaibishe kwa kumtangaza polisi.

Si kwamba hawakuwapenda. Ule ujumbe wa mtandaoni unaonyesha kuwa wapo waliotafuta kwa miaka mingi wasijue pa kushika. Lakini ugomvi wa kifamilia ulikuwa umeshatoa maelezo ya kutosha kwa nini mtu hapigi simu. Muuaji akapata nafasi ndani ya maelezo hayo. Alikamatwa kwa mauaji mara moja tu, mwaka 2002, pale marafiki wa mwanamke wa Richmond walipokataa kuridhika na majibu na kwenda kuuliza penye mamlaka.

Hili linazigusa nyumba nyingi. Kuna binti aliyeolewa na mtu ambaye wazazi hawakumtaka, wakanuniana, sasa ni miaka minne hakuna salamu. Kuna kijana aliyeondoka baada ya kugombana na baba, na kila anayemuulizia huambiwa yuko mjini anahangaika na maisha. Mzazi hujisemea, "Akinihitaji atanitafuta." Mara nyingi ni kweli, kijana yuko salama na amekasirika tu. Lakini mzazi hawezi kujua kwa kukisia, na mtu mwenye nia mbaya huwapenda zaidi wale ambao hakuna atakayewaulizia.

Kumjulia hali mtoto aliyeondoka kwa hasira si kumpigia magoti. Ujumbe mfupi wa kusema "tunakuulizia, uko wapi, mtoto hajambo?" hauhitaji kwanza ugomvi umalizike. Na kama hajibu, na wanaomzunguka wana majibu yanayobadilika kila siku, polisi wapo. Aibu ya kuambiwa "mbona yupo tu" ni ndogo na hupita siku ile ile.

Mtoto anapouliza asili yake

Funzo la pili liko kwa yule binti mwenyewe. Bila swali lake, watu watatu wa Allenstown huenda wangekuwa hawana majina mpaka leo. Swali lenyewe ni la kawaida. Watoto wengi huliuliza siku moja: baba yangu ni nani, kwa nini sifanani na wenzangu, mama aliyenizaa yuko wapi?

Wazazi wengi hulipokea swali hilo kama shutuma. Mama wa kambo huona juhudi zake zote zimedharauliwa. Bibi aliyemlea mjukuu kama mtoto wake wa mwisho, huku mama mzazi akiitwa dada, huona nyumba itabomoka. Jibu huwa ukali, au "utajua ukikua". Mtoto hujifunza kuwa asili yake ni jambo la aibu. Haachi kuuliza, ila anahamisha swali kwa watu wengine: shangazi mwenye maneno, jirani mwenye kinyongo, au mtandao.

Siku hizi kuna njia ambayo haikuwepo zamani. Hapa Tanzania, kupima vinasaba husimamiwa na sheria ya mwaka 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na wananchi wengi hukifahamu kipimo hicho kutokana na mashauri ya nani baba wa mtoto. Lakini kijana anayesoma au kufanya kazi Ulaya au Marekani anaweza kuagiza kipimo cha asili kwa posta, akatema mate kwenye kichupa, na baada ya wiki kadhaa akaonyeshwa orodha ya watu wenye damu yake. Hata ambaye hakupima anaweza kufikiwa kupitia ndugu aliyepima.

Nguvu ya njia hiyo ilionekana mwezi Aprili 2018, pale Rae-Venter aliposaidia kumpata Joseph James DeAngelo, askari polisi wa zamani mwenye miaka 72, aliyekuwa akitafutwa California kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 1970 na 1980. Wapelelezi walianza na ndugu wa mbali mno, ambao mababu wanaowaunganisha waliishi karne ya 19, wakashuka hadi kwake. Mwaka 2020 alikiri mauaji 13. Ndugu hao hawakuwahi kudhani kwamba mate yao yangefika huko, na ndiyo sababu kulikuwa na mjadala mkubwa kuhusu faragha. Mwaka 2019 tovuti iliyotumika kumpata ilibadilisha kanuni zake, ikawataka watumiaji waseme wenyewe kama wanakubali taarifa zao zitumiwe na polisi. Mzazi ambaye mwanawe anataka kupima anafaa kumkumbusha hilo: anapopeleka mate yake, anapeleka pia habari za ndugu zake wote.

Kwa hiyo uamuzi wa mzazi si tena kama siri itatoka au la. Ni nani ataitoa, na kwa maneno gani. Mtoto aliyeambiwa mapema, kwa lugha ya umri wake, kwamba "hukutoka tumboni mwangu lakini ni mwanangu", hukua akiijua habari hiyo kama anavyolijua jina lake. Anayeikuta akiwa na miaka 30 kwenye skrini ya simu hupata habari mbili kwa mkupuo: ya asili yake, na ya kwamba watu anaowaamini walimficha.

Zipo habari ngumu kweli: mimba iliyotokana na ubakaji, baba aliye gerezani, mama aliyeondoka bila kuaga. Mtoto wa miaka sita hahitaji kuambiwa yote. Anahitaji kutodanganywa. "Kuna mambo nitakueleza ukifikia sekondari, na ukiuliza sitakukasirikia" ni jibu la kweli, mradi mzazi akumbuke kulitimiza. Anayeona ni zito mno kwake anaweza kumshirikisha mtu mzima anayeheshimiwa katika ukoo, kiongozi wa dini au ofisa ustawi wa jamii.

Na lipo jambo dogo linaloweza kufanywa wiki hii. Yule binti alitafutwa kwa kumbukumbu za karatasi: cheti hiki, sensa ile, tangazo la msiba la miaka ya nyuma. Koo nyingi za kwetu kumbukumbu hizo ziko vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Chukua daftari la shule, kaa na babu au bibi, andika majina kamili ya wazazi wao, vijiji walikotoka, waliooa na walioolewa, watoto waliofariki wadogo na waliohamia mbali wasirudi. Mtoto aketi hapo hapo asikilize. Ukifika kwenye jina ambalo wazee wanatazamana na kunyamaza, liandike nalo, kisha uliza yuko wapi.